Inchi Nne za Joel

Watu wa Bomani, mtaani kwake Tarime, walisema Scholastica alizaliwa na dharau. Si kweli. Dharau aliipata barabarani, kidogo kidogo, tangu alipoanza kubeba mayai kutoka Tarime kuyapeleka kwenye makambi ya watalii upande wa geti la hifadhi la Ikoma. Njia ile ni ndefu. Unapita Nyamwaga, unateremka Nyamongo penye machimbo, unavuka Mto Mara, unaingia Mugumu, ndipo unaanza kuitafuta Robanda, yaliko makambi, ndani ya vumbi. Na kila unaposimama kuna mwanamume ameegemea kitu, mikono mfukoni, ana ushauri kwa mwanamke anayeendesha gari. Mmoja atakuambia upunguze gia kwenye mlima, kana kwamba ulipanga kuuruka. Mwingine atakuelekeza barabara uliyoipita juzi. Scholastica aliwasikiliza wote, kioo kimeshushwa nusu, halafu akauliza, "Umemaliza?" Akishajibiwa, alitia gia akaondoka.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye watoto wawili shule za bweni. Kuku wa mayai alianza nao wachache nyuma ya nyumba, wakazidi, akajenga banda, na idadi ambayo kuku wake hawakuifikia aliijaza kwa mayai ya wanawake wenzake wa mtaani. Gari lake lilikuwa Land Cruiser kuukuu yenye karoseri nyuma, ile watu wanayoiita mkonga. Aliinunua kwa watu waliokuwa wameichoka. Rangi ilikuwa imekwisha, mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba, lakini iliwaka kila asubuhi. Hiyo, alisema, ni sifa ambayo wanaume wengi hawana.

Shida ilianza shokapu za nyuma zilipokufa. Shokapu ndiyo inayolituliza gari baada ya springi kupokea shimo. Ikifa, gari linaendelea kudunda lenyewe kama ndama aliyefunguliwa kamba. Na kutoka Mugumu kwenda mbele barabara ni rasta tupu, yale matuta madogo yaliyojipanga kama nywele zilizosukwa. Mayai yakaanza kufika na nyufa. Kwenye kambi kubwa kuliko zote alizohudumia, stoo ya jikoni ilishikwa na Agness, mwanamke wa Natta mwenye kidole kimoja kibaya sana. Alikipitisha juu ya kila trei polepole, na yai lenye ufa alilitoa akaliweka pembeni bila kusema neno. Yaliyowekwa pembeni yalirudi Tarime.

"Mama Mayai," Agness alimwambia siku moja, "unaniletea mayai au unaniletea omleti?"

Scholastica alirudi nyumbani na neno hilo limemkaa kooni. Ndipo akafanya kosa la kumwambia mumewe.

Joel alikuwa nyumbani muda mrefu sasa. Kabla ya hapo alikuwa dereva mgodini, wa yale malori ya kubebea mawe ambayo tairi lao moja ni refu kuliko nyumba ya mwalimu. Mkandarasi aliyemwajiri alimaliza mkataba akafungasha, na madereva wakarudishwa majumbani na kofia zao ngumu. Joel alirudi na kofia na mwendo. Mwendo ule ulikuwa wa mtu anayeshuka ngazi hata pasipo na ngazi. Alimsaidia mkewe kufagia banda na kubeba maji, lakini moyo wake ulikuwa kwenye simu, anakoangalia Wazungu wakipita jangwani na magari marefu yaliyonyanyuliwa, yakipanda matuta ya mchanga, yakiteremka, yakipanda tena. Scholastica alitazama mara moja juu ya bega lake.

"Wanakwenda wapi hawa?"

"Hawaendi mahali. Wanaendesha tu."

"Wana mafuta ya kuchezea," alisema, akaenda zake kwa kuku.

Basi alipotaja shokapu, Joel alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake redioni. Asubuhi iliyofuata walikuwa kwenye duka la vipuri la Filemoni, karibu na barabara ya kwenda Sirari mpakani. Filemoni alikuwa rafiki wa Joel tangu ujana, na Kiswahili chake kilikuwa kimevuka mpaka mara nyingi kuliko yeye mwenyewe. Gari lake lilisimama mbele ya duka, limenyanyuliwa mpaka alipanda kwa kukanyaga kreti ya soda. Kreti hiyo ilikaa hapo kazi moja tu. Gari lenyewe halikuwahi kufika mbali kuliko benki.

"Shemeji," Filemoni alisema, "gari yako iko chini sana. Hii ni gari ama ni godoro?"

"Ni gari la mayai."

"Ndio nasema. Tunainua inchi nne. Springi mpya, na shokapu hizi za kurekebisha." Akatoa moja kwenye boksi, nyekundu, inang'aa, nene kama mguu wa mtoto. Chini yake kulikuwa na kifundo. Akakizungusha nacho kikalia tiki, tiki, tiki. "Ukitaka laini, laini. Ukitaka ngumu, ngumu. Unachagua mwenyewe."

"Mayai yanataka ipi?"

Wanaume waliokaa kwenye benchi la duka wakacheka. Scholastica aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekuja kununua kitu.

"Shemeji, hizi zinavuka jangwa," Filemoni akasema. "Wewe unaniuliza mayai?"

"Jangwani kuna kuku?"

Filemoni akamgeukia Joel, kama watu wanavyomgeukia mwenye mtoto anayepiga kelele kanisani. Joel alikuwa hasikii. Alikuwa ameishika ile shokapu nyekundu kwa mikono miwili, anazungusha kifundo mbele na nyuma, mbele na nyuma, uso wake umelainika kuliko Scholastica alivyomwona kwa miezi mingi.

Siku hiyo vifaranga walikuwa wanachanjwa kideri na Scholastica hakuweza kubaki. Alimwita mumewe pembeni. "Baba Matiko, nisikilize. Nunua hizo za kifundo, waziweke laini. Basi. Gari lisiguswe pengine."

"Nimekuelewa, Mama Matiko."

Baadaye aliwaambia wanawake wenzake kwamba mwanamume akisema amekuelewa kabla hujamaliza kusema, funga mlango umkalie.

Gari lilirudi jioni. Lilipinda kwenye kona ya nyumba na kuku waliokuwa nje wakakimbilia ndani wenyewe. Lilikuwa limesimama juu ya miguu yake kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Watoto wa jirani walipita chini yake upande huu wakatokea upande ule, wakashangilia. Joel alishuka kwa kuruka.

"Umelifanya nini?"

"Inchi nne," Joel alisema. "Sasa difu huku chini haitagusa tena mawe pale korongoni. Unakumbuka pale Kerende linavyokwaruza?"

Scholastica alikumbuka. Pale gari lilikwaruza kila safari, na kila safari alifunga macho. Ilikuwa hoja ya kweli, na ukweli wake ukamkera zaidi. Akashika mlango, akanyanyua mguu, sketi ikakataa. Akajaribu mguu mwingine. Watoto walikuwa wanatazama. Akaufunga mlango taratibu, akaingia ndani kupika.

Safari ya kwanza Joel ndiye aliyeendesha. Walipitia Kewanja kumchukua mama yake Joel, Bhoke, ambaye alitaka kwenda Mugumu kumwona dada yake mgonjwa. Bhoke alikuwa amejitayarisha tangu alfajiri, kitambaa kipya kichwani, chupa ya maziwa mgando mkononi. Alilitazama gari kutoka chini hadi juu.

"Shikamoo, mama," Scholastica alisema kutoka huko juu, akajisikia mjinga kumwamkia mkwewe kama mtu aliye kwenye mti.

"Marahaba. Mmeninunulia na ngazi?"

Joel alishuka, akaleta jiwe. Jiwe halikutosha. Akaleta ndoo, akaigeuza. Goti la mama lilikuwa bovu, likagoma. Hapo Joel akafanya jambo ambalo Scholastica angemzuia kama angekuwa karibu. Alimshika mama yake kiunoni akamnyanyua, mbele ya majirani waliokwisha kusogea uani. Bhoke alipiga kelele ya Kikurya iliyofika barabarani. Alipowekwa chini alipanga kitambaa chake upya, akasema kwa utulivu mkubwa, "Mura, mimi siyo gunia. Nendeni." Akampa Scholastica maziwa ya dada yake kupitia dirishani, akinyoosha mkono kwa shida, akarudi ndani.

Kabla ya daraja la Mto Mara kuna kona, na gari lile refu liliyumba mpaka Scholastica akashika dashibodi kwa mikono yote. Walipokanyaga rasta za mbele ya Mugumu, meno yake yaligongana. Zile springi zilikuwa zimetengenezwa kubeba mawe; trei za mayai kwao zilikuwa kama unyoya, hazikujikunja hata kidogo. Na shokapu Filemoni alikuwa amezifunga ngumu mpaka mwisho wa kifundo. Gari halikuwa linadunda tena kama ndama. Lilikuwa linapiga kama nyundo.

Nyuma kukaanza kunuka.

Kwenye uwanja wa jikoni, Agness alifika karibu na karoseri akasimama. Uji wa njano ulikuwa unadondoka kwenye mlango wa nyuma, taratibu, juu ya bamba la namba. Mbwa wa kambi alikuwa amekwisha kuja. Agness hakutumia hata kidole.

"Mama Mayai, leo mmeyakoroga na chumvi kabisa?" Halafu akamtazama Joel, akalitazama gari, akaangua kicheko. "Na hili gari limeota kwato lini?"

Wapishi walitoka kuangalia. Joel alisimama na funguo mkononi, anatazama mbali, na Scholastica alimtazama yeye. Alimtazama njia nzima ya kurudi.

Angeyamaliza nyumbani, pengine. Lakini Joel alipitia dukani kwa Filemoni kuuliza, na benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Filemoni alimwambia kwamba gari jipya ni lazima lizoewe. Akasema tatizo labda ni mayai yenyewe, kuku wa siku hizi wana maganda mepesi. Ndipo Scholastica alipoteremka, kwa mgongo, akitafuta ardhi kwa kidole cha mguu.

"Kuku wangu usiwataje," alisema. "Kuku wangu wanafanya kazi. Ninyi hapa mnataga nini?" Angeishia hapo. Lakini alimgeukia mumewe, na yale aliyokuwa ameyatafuna tangu Robanda yakatoka. "Na huyu, walimpandisha kwenye gari la watu, wakamshusha. Sasa anatafuta pa kupandia. Hata juu ya mayai ya mke wake atapanda, ilimradi awe mrefu."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, akaona hakuna mwenzake, akakohoa.

Joel aliweka funguo juu ya meza ya duka, akaondoka kwa miguu. Jioni Scholastica alisikia kwamba yuko Kewanja kwa mama yake. Akasonya. Mwanamume mwenye mvi kidevuni, akiudhiwa anakimbilia kwa mama. Alisema hivyo kwa jirani mmoja, halafu kwa mwingine, na mara ya tatu akagundua neno limepoteza utamu.

Aliendelea kuendesha gari lile lile kwa kuwa hakuwa na lingine. Alipanda kwa stuli aliyoifunga kamba, na akishapanda anaivuta kama ndoo ya kisimani. Aliyafungia mayai kwenye nyasi, akaenda mwendo wa jongoo, madereva wa malori wakampigia honi tangu Nyamwaga. Nusu yalipona. Pale korongoni Kerende difu haikugusa hata jiwe moja, na kila alipopita pale alikasirika upya.

Siku moja Bhoke alipiga simu. "Njoo umchukue mume wako. Anakula sana na hasemi."

Alimkuta nje ya kijiji, amekaa juu ya ukuta mfupi wa mawe, ameelekea mgodini. Kutoka Kewanja kilima cha mawe ya mgodi kinaonekana vizuri, na juu yake malori yalikuwa yanapanda kwenye mzunguko wao, manjano, madogo kwa umbali, moja likishuka tupu, lingine likipanda limejaa. Hakugeuka. Scholastica alikaa kwenye ukuta, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Ukiwa kule juu unauona Mto Mara," Joel alisema. "Asubuhi ukungu umekaa juu ya maji, unauona wote, unavyopinda. Watu chini wanakuwa wadogo. Nilikuwa napita juu ya mawe makubwa kama nyumba yetu, sisikii. Sasa nikikaa kwenye gari lako naona matako ya ng'ombe."

Scholastica alitaka kucheka na alitaka kumpiga. Alijua angepaswa kusema neno jema hapo. Alilitafuta, hakulipata, hakuwa amelifanyia mazoezi.

"Kwa hiyo ukaona uyapandishe mayai yangu nayo yauone Mto Mara."

Mabega ya Joel yakaanza kutikisika, na alipogeuka alikuwa anacheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko. Scholastica akasogea kwenye ile nafasi ya katikati.

"Yale ya dukani," alisema, akitazama malori, "ningeweza kuyasema nyumbani."

"Ungeyasema vilevile."

"Ningeyasema. Lakini nyumbani."

Joel alikuwa bado anatazama lori moja lililokuwa linashuka. Akainua kidole. "Unaona lile? Linavyorusha mkia? Ni tupu. Lori tupu ndilo linalokuvunja mgongo. Likijaa mawe unaweza ukalala." Akashusha mkono polepole. "Mama Matiko, gari lako tumelifunga springi za mawe halafu tumelipakia mayai. Ni tupu siku zote."

"Hilo ulikuwa hulijui dukani?"

"Dukani nilikuwa natazama shokapu."

Lilikuwa jibu la ukweli na la kijinga kwa pamoja, na Scholastica alilipokea lilivyo.

Hawakurudi kwa Filemoni. Walimwendea fundi Method, mtu wa maneno machache, ambaye karakana yake haikuwa na benchi. Joel alisema springi za nyuma zipunguzwe majani, yale mabapa ya chuma yaliyopangana, gari lishuke nusu ya ule urefu. Scholastica akauliza pale korongoni Kerende difu itagusa au haitagusa. Haitagusa, Method alisema. Basi, akasema Scholastica, nusu hiyo ibaki. Ilimuuma kuisema mbele ya mumewe, na Joel alikuwa na akili ya kutotabasamu.

Shokapu nyekundu zilibaki, maana zenyewe hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la aliyekizungusha kifundo. Joel alilala chini ya gari akazilegeza zote mpaka mwisho, Scholastica akaweka trei moja ya mayai kwenye karoseri, wakatoka kutafuta barabara mbovu. Kuipata haikuchukua muda. Zikiwa laini kabisa, gari liliogelea, na kwenye kona trei ikateleza. Joel akashuka, akalala kwenye vumbi, akazibana kidogo. Wakarudia. Akabana tena za nyuma tu. Scholastica alikaa na mayai huko nyuma, amejishika, akipiga paa kwa kiganja: mara moja mbaya, mara mbili afadhali. Watu wa njiani walisimama kutazama mke amekaa kwenye karoseri akilipigia gari kama ngoma huku mume akiingia na kutoka uvunguni. Mmoja alianza kutoa ushauri. Wote wawili wakamwambia kwa pamoja, "Umemaliza?"

Lakini lililotuliza gari hasa lilikuwa uzito. Joel alipendekeza wapakie viazi na mikungu ya ndizi chini, mayai juu yake, gari likae. Scholastica alimwambia hakuna aliyeagiza viazi. Kisha akampigia Agness simu, na Agness akasema viazi wanavyoletewa na mtu mwingine vimeoza nusu, walete. Safari ile gari lilikwenda limeinama kidogo nyuma, zito, kimya. Walipitia Kewanja. Bhoke alilizunguka gari, akaweka mguu, akaingia mwenyewe, akalalamika kwamba kiti ni kigumu, akalalamika mpaka Mugumu.

Agness alipitisha kidole trei moja, ya pili, ya tatu. Akatoa mayai machache. Akasema viazi ni vidogo.

"Ni viazi," Scholastica alimjibu, "siyo maboga."

Miezi ilipita. Mkandarasi mwingine alifika mgodini na akaita madereva wa zamani. Joel alikwenda akajaribiwa, akapita, akapewa kofia mpya. Scholastica alimfulia ile nguo yenye mistari ya kung'aa, akamwambia asijione, na kwamba watu wa chini wana majina. Tangu hapo Scholastica anaendesha gari la mayai peke yake. Kabla ya safari hulala mwenyewe chini ya gari, kitenge kimetandikwa, anazungusha vifundo kufuatana na viazi alivyopakia, na anayepita karibu husikia matusi ya Kikurya yakitoka uvunguni.

Filemoni, naye, alipiga picha ya gari lile barabarani akaibandika kubwa kwenye ukuta wa duka lake, na wateja akawaambia kazi ile ni yake. Wengine walimfuata Scholastica kumuuliza shokapu gani achukue mtu. Mwanzoni aliwaambia waende kwa Filemoni wakakae kwenye benchi, huko ndiko kuna wataalamu. Siku hizi, kama ni mwanamke na ana mzigo, humuuliza kwanza, "Unabeba nini?" Akiwa ni mwanamume, humwacha azungumze mpaka mwisho, halafu humuuliza, "Umemaliza?"